Chini ya Filimbi Namba Saba

Kazi yangu ni kupanga sauti na muziki. Mtu akileta tangazo lililosomwa, la duka, la dawa ya kunguni, la mzee aliyepotea, mimi ndiye ninayelikata, ninayelisafisha na kuliwekea muziki chini yake. Nasema chini kwa sababu kwenye kompyuta mambo yamekaa hivyo: mstari wa juu ni sauti ya msomaji, mstari wa chini ni muziki. Msomaji akianza kuongea, naushusha muziki. Akinyamaza, naupandisha. Kazi yote ni hiyo, na ikifanywa vizuri hakuna anayejua kwamba imefanyika.

Mimi niliishia darasa la saba. Kompyuta nilijifunza kwa kukaa nyuma ya mtu na kuangalia mkono wake. Vitufe vingine mpaka leo sijui vinaitwaje. Nakijua cha mkasi, cha mshale na cha kufuli, vinanitosha.

Chumba changu kiko nyuma ya duka la fundi cherehani. Nimetundika mablanketi manne ukutani ili sauti isirudi, na dirisha nimeliziba kwa kigodoro alicholalia binti yangu alipokuwa mdogo. Kuna meza, kompyuta, maiki kwenye mguu wake na viti viwili. Kimoja nakalia mimi. Kile cha mbele ya maiki alikuwa anakalia mke wangu. Tangu afariki, miaka mitatu sasa, wateja wakija kusoma nawaambia wasimame, ati mtu akisimama sauti inatoka vizuri. Ni kweli kidogo.

Mtaani wananiita Kimya. Jina hilo alinipa dereva wa gari la matangazo, yule anayezunguka na vipaza sauti juu ya paa. Sikulipenda, lakini kulikataa kungehitaji maneno mengi.

Siku nzima nina hedifoni masikioni. Watu wananiambia habari za sabuni, za viwanja, za mabati yasiyoshika kutu, wananiambia nisikose, niwahi, nimlete na jirani yangu. Halafu navua hedifoni, nasikia cherehani ya jirani, naenda nyumbani, napika, nakula nikiwa nimesimama karibu na jiko. Kukaa mezani peke yangu bado sijazoea.

Mke wangu ndiye aliyekuwa sauti ya mji huu. Watu walimwita Dada Sauti. Akienda sokoni wanawake walimzuia njiani: "Hebu sema ‘godoro' tusikie!" Naye alisema, kwa madaha yote, mpaka muuza vitunguu akampunguzia bei. Nyumbani alikuwa hivyohivyo, anaongea toka asubuhi, na mimi namsikiliza. Ndoa yetu ilikuwa hivyo, yeye juu, mimi chini.

Tuligombana kwa jambo moja tu, muziki. Nilikuwa na sahani moja ya CD yenye nyimbo ishirini zisizo na maneno, na ya saba ilikuwa ya filimbi. Niliipenda filimbi ile kupita kiasi. Niliiweka kwenye magodoro, kwenye dawa za meno, hata kwenye tangazo la mbuzi aliyeibwa.

"Bwana we, mbona unanifukia?" alikuwa akiuliza. "Mimi nasoma, wewe unanimwagia filimbi."

"Inapendeza."

"Inampendeza nani? Mtu anataka kujua duka liko wapi, wewe unambembeleza alale."

"Si duka la magodoro?"

Hapo alicheka mpaka akashika mbavu. Nakumbuka sana siku hiyo, maana mimi kumchekesha mtu si jambo la kila wiki.

Kulikuwa na sababu nyingine ya muziki wangu kuwa mkubwa, na hiyo sikumwambia. Katikati ya sentensi na sentensi, kwenye maiki huingia vitu vingi: kiti kinalia, karatasi inageuzwa, mtu anavuta pumzi au anakohoa. Mafundi wengine hukata vitu hivyo kimojakimoja. Mimi nilikuwa mvivu wa kukata. Nilikuwa nafunika. Mke wangu akimaliza sentensi tu, naipandisha filimbi juu kabisa, inameza kila kitu, halafu naishusha anapoanza sentensi nyingine. Dereva alisifia. "Kimya, muziki wako unapanda kama wimbi!" Kumbe ulikuwa uvivu.

Jumanne moja asubuhi binti yangu alinipigia simu. Anaishi mbali, safari ya siku nzima, na alikuwa amejifungua miezi mitatu nyuma.

"Baba, Jumatatu narudi kazini. Mtoto atabaki na yaya."

"Haya."

"Sasa nataka kitu kimoja. Nataka sauti ya mama. Nimwachie yaya kwenye simu, awe anamwekea. Nataka huyu mtoto akue anaijua sauti ya bibi yake."

"Haya."

"Lakini sauti tupu, baba. Mama peke yake. Usiniwekee ile filimbi, tafadhali. Mama mwenyewe alikuwa haitaki. Unayo?"

Nikasema, "Ipo."

Nilisema hivyo kwa sababu neno hilo ni fupi. Na nilisema kwa sababu wakati wa msiba, binti yangu alilia akiwa amenishika bega na mimi sikupata hata neno moja la kumpa. Nikimkatalia na hili, nitakuwa baba wa namna gani?

Lakini haikuwepo. Nilijua haikuwepo kabla simu haijakatika.

Niseme ilivyokuwa. Tangazo likikamilika, sauti na muziki huunganishwa kuwa kitu kimoja, na kitu hicho ndicho anachopewa mteja. Ukishaunganisha, huwezi kuvitenganisha, sawa na maziwa yaliyokwisha kuingia kwenye chai. Ile mistari miwili ya mwanzo hubaki pembeni kwenye kompyuta, inakula nafasi. Mwaka mmoja kabla mke wangu hajaugua, kompyuta ilijaa ikawa inatembea kama kobe. Fundi wa kompyuta akaja, akafungua, akaniuliza, "Hizi sauti tupu unazitaka?"

Nikamwambia, "Za nini? Yaliyokamilika yapo. Futa."

Akafuta. Mke wangu alikuwa nje uani anaanika nguo na kubishana na jirani kwa kicheko. Nani anaweka akiba ya sauti ya mtu anayemsikia dirishani?

Jumanne hiyo yote nilifungua matangazo ya zamani, moja baada ya jingine, yalikuwa mia na kitu. Nilitafuta mahali mke wangu anapoongea na muziki haupo. Hapakuwepo. Mimi nilianza kwa muziki na kumaliza kwa muziki, kila mara. Nilikuwa nimemfunika kote.

Jumatano nikajikaza nikampigia fundi wa kompyuta.

"Kimya! Umenipigia wewe mwenyewe? Nani kafa?"

Naye akakumbuka, akashusha sauti. "Samahani, mzee. Sema."

Nikamweleza. Ilinichukua muda. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si tabia yake.

"Muziki wenyewe unao?" akauliza. "Uleule, kama ulivyokuwa kabla hujauweka?"

"Sahani ninayo. Iko kwenye kopo la biskuti."

"Basi sikiliza. Sauti ni vilima na mabonde, si unaona kwenye kioo? Chukua muziki uleule, ugeuze miguu juu. Kilima kiwe bonde, bonde liwe kilima. Halafu uupange juu ya ule uliomo ndani ya tangazo, nukta kwa nukta. Kilima kinajaza bonde, panakuwa tambarare. Muziki unajifuta wenyewe. Anabaki mama."

"Kweli?"

"Kweli, lakini usifurahi bado. Lazima uwe sawa kwa ukubwa. Kama uliupandisha na kuushusha, basi na huu uupandishe na kuushusha vilevile, palepale, kiasi kilekile. Wewe ulikuwa unaweka alama kompyuta ipandishe yenyewe, au kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Loo," akasema. "Basi inabidi uukumbuke mkono wako."

Kitufe cha kugeuza kilikuwepo siku zote, nimekipita miaka kumi na mmoja bila kukibonyeza. Nilichagua tangazo la magodoro. Lile mwenye duka alitaka liwe safi kwa vipaza sauti, kwa hiyo nilikuwa nimelihifadhi zito, halikubanwa ili kupunguza nafasi. Nikaingiza filimbi namba saba kutoka kwenye sahani. Nikaigeuza. Nikaanza kuisogeza.

Siku ya kwanza sikufua dafu. Ukiwa umekosea hata kidogo tu, filimbi badala ya kufutika inakuwa mbili, moja inamfuata mwenzake kama mtoto aliyeachwa sokoni. Nilisogeza kidogo kulia, kidogo kushoto. Kuelekea saa kumi alasiri, mwanzoni kabisa mwa tangazo, pale muziki unapocheza peke yake kabla ya sauti, ghafla masikio yalijaa ukimya. Nilidhani waya umechomoka. Nikaushika waya. Ulikuwa mahali pake. Filimbi ilikuwa imekufa.

Halafu mke wangu akaanza kusoma, "Je, unaamka..." na filimbi ikafufuka naye, kwa sababu hapo ndipo mkono wangu ulipoishusha.

Kazi ya Alhamisi na Ijumaa ilikuwa hiyo, kuutafuta mkono wangu. Fundi cherehani alinigongea kuniuliza kama ninaumwa, nikamwambia hapana, akarudi. Nilikwenda neno kwa neno. Hapa nilishusha taratibu. Hapa nilishusha haraka kwa sababu alianza kabla sijawa tayari. Kwenye neno "mgongo" nilishusha sana, nikakumbuka kwa nini: alikuwa analisema vizuri, kwa huruma, mpaka unahisi mgongo wako mwenyewe unauma. Kwenye namba ya simu ya duka sikushusha vya kutosha. Hapo nilikuwa nimechoka, au nilikuwa namwangalia yeye badala ya kioo.

Sikuwahi kufikiri kwamba nilikuwa naandika kitu. Lakini kila mahali nilipoushusha ule muziki palikuwa na alama yangu, na nilipozifuata zile alama niliona jinsi nilivyokuwa namsikiliza mke wangu. Kumbe nilimsikiliza vizuri. Ila yeye hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Jumamosi asubuhi sentensi zote zilikuwa safi. Haikuwa sauti kamili. Chini yake palibaki kitu kama maji yanayopita mbali kwenye bomba. Lakini alikuwa yeye, peke yake, hajafukiwa. "Je, unaamka na mgongo unauma? Tatizo si mgongo wako. Tatizo ni unacholalia." Nilimsikia mate yakigusa meno. Nilivua hedifoni nikatoka nje kidogo, nikasimama karibu na mlango wa fundi cherehani mpaka nikaweza kurudi.

Zilibaki zile nafasi za kati, pale nilipokuwa napandisha filimbi juu kabisa kufunika. Ningeweza kuzikata tu nikaunganisha sentensi. Binti yangu asingejua. Lakini mkono ulikuwa umeshazoea njia, nikaona nimalizie. Nafasi ya kwanza: kiti kikalia. Ya pili: karatasi. Ya tatu, kabla ya namba ya simu, ilikuwa ndefu kuliko nyingine, na nilipoiweka filimbi sawa ikafutika, nikasikia sauti yake, ndogo, kama mtu aliyegeuza uso kutoka kwenye maiki.

"Nasoma vizuri?"

Halafu kimya. Sekunde mbili, tatu. Kiti kikalia, na hicho kilikuwa changu, nakijua mlio wake.

Halafu yeye tena, anacheka chinichini: "Haya, bwana. Asante."

Na baada ya hapo namba ya simu ya duka la magodoro, kwa sauti kubwa ya kazi.

Nilirudia mara nyingi, sikuhesabu. Nilijua vizuri nilichokifanya katika zile sekunde tatu. Nilikuwa nimegeuka na kumnyanyulia kidole gumba. Ndivyo nilivyokuwa nikimjibu siku zote. Na kidole gumba hakina sauti. Kwenye maiki palikuwa na mwanamke anauliza, na mtu hajibu. Halafu mtu huyohuyo akachukua filimbi akalifunika swali.

Matangazo mia na kitu. Sijui aliuliza mara ngapi.

Nilikaa na mkasi. Niseme ukweli, nilitaka kukata pale. Sikutaka binti yangu asikie ule ukimya wangu, maana ule alishaujua, alikulia ndani yake. Lakini alikuwa ameomba mama peke yake, na mama peke yake ndiye huyo, na pale palikuwa mahali pekee katika tangazo zima ambapo hakuwa anauza kitu. Niliacha kama palivyo. Nikatuma.

Simu ililia kabla ya saa moja kupita. Kwanza sikusikia neno, nilisikia mtoto akigugumia, na nyuma yake mke wangu anasema, "Tatizo ni unacholalia."

"Baba," binti yangu akasema. Alikuwa amelia. "Baba, umefanyaje? Ulisema ipo."

"Ilikuwepo. Ilikuwa chini."

"Mtoto amekodoa macho. Anamtafuta." Akapenga kamasi. "Lakini baba, pale mama anapouliza. Anamuuliza nani?"

"Mimi."

"Mbona humjibu?"

"Nilimjibu."

"Mbona husikiki?"

"Nilinyanyua kidole."

Halafu akacheka, kile kicheko cha mama yake cha kushika mbavu, nikamsikia anamwambia mtoto, "Babu yako huyo! Alinyanyua kidole!" Akacheka mpaka kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, nami nikasubiri. Kusubiri naweza.

"Baba," akasema mwishowe, "na wewe jirekodi."

"Mimi?"

"Mtoto ana bibi kwenye simu, babu hana. Kesho Jumapili. Jumatatu naondoka saa kumi na mbili."

"Niseme nini?"

"Chochote, baba! Hata habari za mkeka uliokalia. Miaka yote hiyo unawapanga wenzio, wewe hujawahi kukaa mbele ya hicho kidude?"

Sijawahi. Miaka kumi na mmoja, na sauti yangu haimo kwenye kompyuta yangu hata mara moja.

"Haya," nikasema.

"Si ‘haya', baba. Sema utafanya."

"Nitafanya."

Jumapili cherehani ya jirani ilikuwa imefunikwa kitambaa na mtaa ulikuwa mtulivu. Nilifungua chumba, nikawasha kompyuta, nikashusha maiki kidogo, maana mteja wa mwisho alikuwa mrefu kunizidi. Nikabonyeza duara jekundu la kurekodi. Nikasimama mbele ya maiki kama ninavyowaambia wateja, na sauti haikutoka vizuri wala vibaya. Haikutoka kabisa. Mstari kwenye kioo ulikwenda tambarare, ukaenda, ukaenda.

Nikasema, "Mjukuu wangu," nikakwama.

Kwa hiyo nikavuta kile kiti. Kilikuwa na vumbi, nikakipangusa kwa kiganja, nikashusha maiki tena, nikakaa. Kikalia, na ule mlio nikauona ukipanda kwenye kioo kama kichuguu. Kwenye mtoto wa meza, upande wake, karatasi zake bado zilikuwemo, zimekunjwa pembe, na mahali pa kuvuta pumzi amepiga vistari kwa kalamu nyekundu. Nikaitafuta ya magodoro. Nikaiweka mbele yangu, nikavuta pumzi pale alipokuwa anavuta yeye.

"Mjukuu wangu. Mimi babu yako. Bibi yako alisoma vizuri. Alisoma vizuri sana, kila mara. Mimi naanza leo." Nikageuza karatasi iangalie mwanga. "Je, unaamka na mgongo unauma?"

Nilisoma mpaka mwisho, na namba ya simu ya duka, ingawa duka lenyewe lilishafungwa. Mlio wa kiti sikuukata. Muziki sikuweka.